Saa za Kikombe

Nilizaliwa Mpumudde, upande wa Jinja, na sisi watoto wa Jinja wa miaka ile tulikuwa na kiburi kimoja ambacho hakuna aliyetufundisha: tuliamini umeme ni wetu. Bwawa lilikuwa pale, nyaya zinaanzia pale, nani angetuambia tuzime taa? Mama yangu alipikia jiko la waya, lile ambalo mafundi wa mtaani waliliunda kwa udongo wa kuchoma, wakachimba mifereji juu yake na kuuzungusha waya ndani ya mifereji hiyo. Liliwashwa alfajiri na kuzimwa wakati wa kulala. Hata lisipokuwa na sufuria liliwaka tu, jekundu peke yake jikoni, kwa sababu kuliwasha upya kulitaka uchomeke nyaya mbili zilizo wazi ukutani, na mama aliogopa kupigwa na umeme kuliko alivyoogopa bili. Bili yenyewe ilikuwa ya mwenye nyumba. Alitoza kila chumba sawasawa, uwashe usiwashe, na mtu akishatozwa sawa na jirani yake atawasha.

Hayo ndiyo malezi niliyokwenda nayo Mbale nilipoolewa na askari.

Nasema nilipoolewa, lakini mambo hayakwenda kwa heshima hiyo. Kwanza nilipata mimba nikiwa kidato cha tatu, ndipo nikaolewa, ndipo nikahama. Mume wangu ni Mteso, mtu mpole asiyependa kelele, na mpaka leo sijui jeshi lilimpata wapi. Alihamishiwa kambi moja pale Mbale, tukapewa chumba na sebule katika laini. Laini ni safu ya nyumba za askari zilizoshikana ukuta kwa ukuta chini ya bati moja refu, baraza moja, bomba moja la maji mwishoni. Yetu ilikuwa na milango kumi. Nilikuta humo Waacholi, Walango, Wateso wenzetu, Wagisu wachache, na katika mlango wa mwisho, karibu na bomba, mama mmoja Mnubi tuliyemwita Hajati. Babu zake waliletwa kutoka Sudan kama askari, zamani za Waingereza, na mwanawe sasa alikuwa dereva wa kambi. Kiswahili ndicho kilichotuunganisha, Kiswahili cha kambini kilichokatwa mikia. Mjini watu wengi walikinunia, kwa kuwa walikumbuka wanaume wenye bunduki waliowaamuru nacho walale chini. Sisi tuliombana chumvi nacho.

Binti yetu alipoanza shule nikaamua kumaliza ya kwangu. Nilitaka kuwa mkunga. Chuo cha wakunga hakikutaka hadithi ya maisha yangu, kilitaka cheti cha kidato cha nne. Nikauza cherehani yangu, nikapanda bodaboda mpaka shule moja ya Nkoma iliyopokea watahiniwa wa nje, nikajiandikisha. Cherehani ile ndiyo iliyokuwa mali yangu peke yangu. Mnunuzi alipoibeba kichwani na kuvuka uwanja wa gwaride sikulia, ila niliapa kwamba haitakwenda bure. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Mchana sikuwa na nafasi. Palikuwa na kipande cha shamba nyuma ya kambi, palikuwa na kuni, maji, mtoto, nguo za mtoto, nguo za baba wa mtoto. Muda wangu wa kusoma ulikuwa mmoja, tangu saa moja jioni binti akishakula, mpaka macho yakatae. Na saa moja hiyo ndiyo iliyokuwa adui yangu.

Laini nzima ilirudi nyumbani pamoja. Filimbi ililia, wanaume wakatoka kazini pamoja, wakaoga pamoja, wakataka posho, ndio ugali wetu, pamoja. Majiko ya waya milango yote yaliwashwa kama watu waliopewa amri. Ijumaa ilikuwa mbaya kupita zote, maana Jumamosi asubuhi palikuwa na gwaride la ukaguzi, na pasi zote zilitoka kabatini jioni hiyo hiyo. Taa yangu ilianza kuwa njano, ikageuka rangi ya chungwa, mwisho ukabaki uzi mwekundu tu ndani ya globu, kama kaa linalokaribia kuzima. Fyuzi ya laini ilipaswa kukatika, lakini askari mmoja aliyejiita fundi alikuwa ameifunga kwa kipande cha spoku ya baiskeli, kwa hiyo haikukatika. Ilivumilia, nasi tukavumilia. Nilijaribu koroboi. Moshi wake ulinivimbisha macho hadi mume wangu akasema watu watadhani ananipiga.

Nilikuwa na hasira siku zile. Nilikaa mbele ya kitabu cha hesabu na kuilaani kila sufuria iliyokuwa ikichemka chini ya bati lile, yangu ikiwemo.

Ndipo mkuu wa kambi akatuita. Ilikuwa Jumamosi baada ya gwaride, na safari hii aliagiza hata wake wa askari wasimame uwanjani. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kifimbo chenye fundo mbele, na hakuwahi kutusalimu kabla ya hapo.

"Nyinyi watu ya laini, sikiliza mzuri," alisema. "Stima sasa iko na bei mpya. Zamani tulikuwa nalipa ile tunakula. Sasa tunalipa ile tunakula, na tunalipa tena ile tunakula wote pamoja. Kama watu yote nawasha saa moja, mita ya kambi nashika ile juu kabisa. Hata kama ilipanda siku moja tu, tunalipa hiyo juu mwezi mzima. Mmesikia?"

"Ndiyo, afande!" wanaume walijibu. Nina hakika nusu yao hawakusikia kitu.

"Bili imekuja, nimeona aibu. Ya mwezi hii inaisha nawasamehe. Lakini ile inakuja nyuma yake, kama iko namna hii, mimi nakata waya ya laini. Ofisi itabaki na stima. Nyinyi mtarudi kwa taa ya mafuta."

Wengine walirudi nyumbani wakimcheka kifimbo chake. Mimi sikuona cha kuchekesha. Taa hafifu angalau huamka jikoni kukishatulia. Waya uliokatwa hauamki. Mtihani ulikuwa mwisho wa mwaka, na mwaka ndio kwanza unaanza.

Neno la mkuu lilinizunguka kichwani: wote pamoja. Mtoto wa Jinja alielewa kula umeme, lakini kula wote pamoja kuwa na bei yake, hilo sikulielewa mpaka nilipopeleka mahindi kusagwa kule kwenye eneo la viwanda. Mashine kubwa ilikuwa imelala, na msagaji Mgisu amekaa juu ya magunia akitafuna muwa. Nikamwuliza kama imeharibika.

"Haijahalibika, mama. Ni bei," alisema. "Mzee wangu amepewa bei ya masaa. Jioni stima iko kama nyama ya Krismasi, kira mtu naitaka. Asubuhi mapema hakuna mtu. Sasa sisi nasaga asubuhi mapema, hii ya jioni tunaachia nyinyi."

Nikacheka, lakini nilirudi na unga kichwani na jambo moja moyoni. Kama mwenye kinu anaweza kuutoroka wakati wa ghali, sisi milango kumi tunashindwaje?

Kwenye bomba letu palikuwa na desturi. Maji yalitoka kidogo kidogo, na hakuna aliyekuwa na saa nzima ya kusimama akingoja jerikeni ijae. Basi mwenye zamu alitundika kikombe chake cha bati kwenye shingo ya bomba na kwenda zake. Kikombe kikining'inia, hakuna anayegusa jerikeni iliyo chini yake, awe mke wa nani. Watu wa laini waliweza kugombania kuku, mume, hata kamba ya kuanikia, lakini sijawahi kuona mtu akikitoa kikombe cha mwenziwe bombani.

Nikawaza, kikombe hicho hicho kiende mlangoni.

Niliwaita wanawake barazani Jumapili baada ya kanisa. Nilikuja na vikombe viwili, kimoja cha bluu na kimoja cheupe chenye mdomo uliobanduka, nikawaeleza. Tangu filimbi ya jioni mpaka saa tatu usiku, taa na redio ni ruhusa kwa kila mtu. Jiko na pasi ni kwa mwenye kikombe peke yake, na kikombe kitundikwe kwenye msumari wa mlango wake kila mtu akione. Akimaliza ampe mwingine. Na kwa kuwa saa hizo ni za ghali, aliyetumia kikombe jioni atalipa kesho yake asubuhi jerikeni moja ya maji katika pipa la laini, lile tuliloogeshea watoto. Saa nyingine zote, alfajiri, mchana, usiku wa manane, kila mtu awashe apendavyo na asidaiwe hata tone.

Kisha mke wa sajenti, wa mlango wa tano, mwanamke mrefu aliyekuwa na sauti ya kuitia ng'ombe, akasimama.

"Wewe nakuja juzi juzi kutoka Jinja," akasema, "sasa unatupangia sufuria. Bwana yangu anarudi jioni, anataka posho moto. Mimi nipike saa nane mchana, hiyo posho nangoja nani?"

"Pika maharage mchana. Jioni songa posho tu, kikombe kitakuwa kimeshafika kwako."

"Na pasi? Nguo ya gwaride napigwa pasi usiku ya gwaride. Ukipiga mapema nalala. Hiyo kila bibi ya askari anajua."

Wote wakaitikia, na hapo nikaona nimegonga mwamba. Imani ile ilikuwa na nguvu kambini kuliko Injili. Ilisemekana mstari wa suruali uliopigwa pasi mchana hulegea usiku, na askari mwenye mstari uliolegea hulala selo, mahabusu ya kambi. Hakuna aliyewahi kujaribu kuona kama ni kweli. Nani amweke mumewe rehani?

Mimi nilimweka. Alhamisi ile mchana nilichemsha uji wa wanga wa muhogo mzito kuliko kawaida, nikaloweka sare ya mume wangu, nikaipiga pasi ikiwa bado na unyevu, nikapitisha fimbo kwenye mikono ya shati na kulining'iniza darini, suruali kando yake, mbali na mtoto. Jioni aliporudi akasimama akiitazama nguo yake juu pale kama mtu aliyekuta mgeni chumbani.

"Kesho kutwa nikilala selo," akasema, "utaniletea chakula?"

"Nitakuletea."

"Moto?"

"Baridi," nikamjibu. "Jioni ni saa za kikombe."

Alicheka, lakini Ijumaa nzima aliinua macho darini kila alipopita. Jumamosi nilisimama nyuma ya ua wa michongoma na wanawake wengine, mke wa sajenti kando yangu. Mkuu alipita safu kwa safu. Mbele ya mume wangu akasimama. Akagusa mstari wa suruali kwa ncha ya kifimbo, taratibu, toka pajani hadi gotini. Kisha akaendelea mbele, akamfokea mtu mwingine juu ya viatu. Kwa mkuu yule, kunyamaza ndiko kulikuwa kusifiwa.

Alhamisi iliyofuata niliona mvuke wa wanga ukitoka mlango wa tano, kwa mke wa sajenti.

Vikombe vikaanza kutembea. Wiki ya kwanza walisahau na kugombana, ya pili wakagombana bila kusahau. Lakini kuchota maji alfajiri ya baridi, ukungu umeshuka kutoka mlima Wanale, kuna namna yake ya kumkumbusha mtu kuwa maharage yake yangeweza kuchemka mchana. Kila mmoja akatafuta njia ya kukikwepa kikombe. Mwingine alianza kupika saa tisa, mwingine akarudia sigiri yake ya mkaa siku mbili tatu kwa wiki. Taa yangu ikaanza kurudisha rangi. Haikuwa nyeupe bado, lakini niliweza kutofautisha tisa na sifuri, na kwa mtu wa hesabu hiyo si haba.

Kisha ukaandama mwezi wa Ramadhani, na ulikuwa ndio mwezi wa bili ile iliyongojewa.

Hilo sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Hajati alifunga, yeye na mwanawe na mke wa mwanawe aliyekuwa na mimba kubwa. Jua likizama anataka uji wa moto mezani, si dakika kumi baadaye, na jua huzama katikati ya saa za kikombe. Siku tatu za kwanza kikombe cha bluu kilikuwa kwake kila jioni, na siku tatu alfajiri nilimwona akiburuta jerikeni kwenda kwenye pipa, mguu wake wa kulia ukichechemea. Siku ya nne hakukichukua kikombe wala hakuzima jiko. Mke wa sajenti alipiga kelele barazani kwamba sheria ni sheria. Nikaenda mimi.

Alikuwa ameketi kwenye mkeka akisuka kawa ya rangi nyekundu na kijani, ile wanayofunikia chakula. Hakuniinulia uso.

"Binti yangu, jua halinisubiri mimi," akasema, "na mimi sisubiri kikombe chako."

"Hajati, waya ukikatwa utakatwa hata wako."

"Ukatwe. Watu yangu walifunga saumu kabla ya stima kuzaliwa."

"Basi tukusamehe maji mwezi huu. Wewe ni mama yetu."

Hapo akainua uso, na nikaona nimemkosea kuliko mke wa sajenti alivyomkosea.

"Mimi si maskini ya laini," akasema. "Ukinisamehe leo, kesho watoto wenu watasema yule Mnubi anakula stima ya watu. Nimeshasikia maneno kama hayo katika maisha yangu. Toza. Lakini toza kitu ninaweza."

Nilitoka pale nimeudhika, na nilikuwa nimeudhika kwa sababu alikuwa na haki. Nilikuwa nimeweka bei moja kwa watu wote, nikajiona mwadilifu, kumbe wengine wangeweza kuihama saa ya ghali na mwingine amefungwa ndani yake na dini yake. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Niliketi mbele ya kitabu nisisome chochote. Nilijiuliza mwanamke yule anaweza nini ambacho sisi hatuwezi, na jibu lilikuwa likinipigia kelele kila alfajiri kupitia ukutani: sauti ya vyombo vya daku. Sisi tukiwa tumelala fofofo, yeye alikuwa macho, jiko lake linawaka, na saa hiyo umeme hautakiwi na mtu.

Kesho yake nilirudi. "Hajati, unapoamka kula daku, unaweza kutuchemshia maharage?"

"Ya nani?"

"Ya laini. Kila mlango ulete yake jioni yamelowekwa. Uyachemshe saa ya bure. Jua likizama, kikombe cha bluu ni chako bila kuulizwa, na hudaiwi maji. Umeshalipa."

Alisuka mizunguko miwili mitatu. "Milango kumi ni sufuria kubwa," akasema.

"Sufuria ya kanisa ipo. Nitaiomba."

"Sufuria ya kanisa kupika daku." Akatikisa kichwa, na pembe ya mdomo wake ikacheza. "Na mkae mkijua, mimi sipiki maharage na mafuta ya nguruwe."

"Hakuna mwenye nguruwe hapa, Hajati. Hata mbuzi tunamwota."

Tukakubaliana. Alfajiri maharage ya Waacholi, ya Wagisu na ya Wateso yalichemka katika sufuria moja ya Wakristo kwenye jiko la Mwislamu, na asubuhi kila mwanamke alikuja na bakuli akachukua sehemu yake. Mke wa sajenti alilalamika siku ya kwanza kwamba maharage yake yalikuwa makubwa kuliko ya wenzake na sasa amechanganyiwa. Siku ya pili alilala mpaka kukapambazuka, na hakulalamika tena. Jioni palibaki kusonga posho tu. Kuna jioni kikombe cheupe kilining'inia kwenye msumari wa baraza bila mwenyewe, hakuna aliyekitaka.

Bili ilikuja baada ya Idi. Mkuu alitembea mwenyewe mpaka kwenye laini yetu, jambo ambalo hakulifanya hata mtu akifa. Alitazama pipa la maji, akatazama kikombe mlangoni mwa mtu, akauliza ni cha nini. Tukamweleza, wote kwa pamoja, kelele tupu.

"Nani alianzisha hii?" akauliza.

Nilijua laini itaninyooshea kidole, na sikujua kama ni kwa sifa au kwa selo. Mke wa sajenti akawahi. "Ni sisi, afande. Ni laini."

Mkuu akaguna. "Endelea namna hiyo hiyo," akasema, akaondoka na kifimbo chake. Waya haukukatwa.

Mwaka ukaenda. Kikombe cha bluu kilitoboka kikazibwa kwa risasi, na mjukuu wa Hajati akazaliwa. Mimi nilisoma. Nilisoma historia nikaipenda, nikasoma biolojia nikaona kama nilikuwa nikiijua tangu tumboni, lakini hesabu ilinikataa kama mbuzi anavyokataa kamba. Kila jioni nilifanya maswali yale yale na kukosea mahali pale pale. Mume wangu alinipikia chai na kukaa kimya upande wa pili wa meza akishona kifungo. Hakuna zawadi aliyowahi kunipa niliyoipenda kuliko ukimya ule.

Mtihani wa hesabu uliangukia Jumatatu asubuhi, na laini nzima ilijua. Na Jumapili ile, mchana, likaja tangazo kwamba mkubwa mmoja kutoka Kampala atakagua gwaride Jumatatu alfajiri. Wanawake wakakimbilia kufua. Mvua nayo ikasikia, ikaanza, ikanyesha mpaka karibu na magharibi. Saa kumi na mbili milango kumi ilikuwa na sare kumi mbichi, na hakuna hata moja iliyopigwa pasi. Nikajua yatakayotokea. Hakuna vikombe viwili vinavyoweza kushika usiku wa namna hiyo. Ningekuwa mimi mwenye mume wa kulala selo, ningeichomeka pasi yangu, na tena nilikuwa mimi mwenye mume huyo, sare yake ikidondosha maji mbele ya meza yangu.

"Acha, nitaikausha mwilini," akasema. "Wewe keti."

Niliketi. Nikafungua kitabu nikiingoja taa igeuke njano. Nilijiambia nitasoma kwa uzi mwekundu, nitasoma kwa koroboi, nitasoma macho yakivimba kama maandazi, lakini cherehani yangu haitakwenda bure. Taa ikabaki nyeupe. Nikangoja tena. Ilikuwa nyeupe kupita nilivyowahi kuiona Mbale, nyeupe kama ya kwetu Jinja, na haikucheza hata ukope.

Nikasikia bati likigonga mlango. Nikafungua. Vikombe vyote viwili, cha bluu na cheupe, vilining'inia kwenye msumari wangu, na baraza zima lilinuka mkaa. Mlango kwa mlango watu walikuwa wakipuliza sigiri zao na pasi za zamani za mkaa, nyingine zina kutu, nyingine zimeazimwa kwa washonaji mjini, cheche zikiruka penye upepo. Hajati alikuwa kwenye kiti chake mwisho wa baraza akiwapepelea wenzake kwa kawa. Mbele yangu alisimama mke wa sajenti, masizi mpaka kwenye kidevu, akinyoosha mkono.

"Leta hiyo shati ya bwana yako," akasema. "Na funga mlango, moshi naingia. Leo laini nzima nakula baridi. Wewe soma."